Neno la Nyumba ya Pili na Mashine Iliyokataa Kuamka

Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo ukipata neno limekaa vibaya hapa, lipange mwenyewe na uendelee. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kubeba faili. Nilikuwa mesenja katika ofisi ya wapima ardhi kule Nairobi, na mwaka nilipostaafu ofisi ilikuwa inatupa kompyuta zake za zamani, zile kubwa walizokuwa wakichorea ramani. Mkubwa akaniambia nichague moja. Nikachagua iliyokuwa nzito kuliko zote, kwa sababu mimi nimezoea kwamba kitu kizito ndicho kizuri, kama jembe, kama sufuria. Nilikuja nayo nyumbani Tawa, huku Ukambani, imefungwa kwa blanketi. Mpaka leo nikitaka kuiinua napiga goti kwanza, kama mtu wa gunia la mbaazi. Ndani ina feni tano, na zikianza pamoja ni kama wanawake wanapepeta ndengu.

Nilifungua duka dogo sokoni la kuchapisha karatasi. Barua za shule, matangazo ya kanisa, lakini zaidi ni programu za mazishi. Kwetu mtu hazikwi bila programu. Ni kijitabu cha kurasa nane, mbele picha yake, ndani maisha yake, amezaliwa wapi, ameoa nani, ameacha nani. Wewe unaweza kufikiri ni karatasi ya kujipepea jua likiwa kali. Sivyo. Baada ya mazishi, watu wakienda kwa chifu kuandikiwa barua ya kugawa mali, kitu cha kwanza chifu anauliza ni kile kijitabu. Kama hukuandikwa humo, itabidi uanze kueleza wewe ni nani.

Sasa mashine. Mfumo iliokuja nao ulizeeka, ukawa kila siku unaniambia hautapata huduma tena, nikanunue kompyuta mpya. Aliyeniokoa ni mke wa mwanangu, ambaye anafundisha kompyuta katika chuo kimoja huko Kitui mjini. Alikuja Pasaka moja akaweka mfumo mwingine, Linux. Akasema huu ni wa bure, watu wa dunia nzima wanautengeneza pamoja, na mashine ya zamani hauikatai. Mimi nilishuku, kwa sababu kitu cha bure Ukambani ni ukame peke yake. Lakini ulifanya kazi, na mashine ikakimbia kuliko ilivyokuwa ikikimbia kwa wapima ardhi.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hutaelewa shida yangu ilitoka wapi. Sisi tuna kitu tunakiita nthoni, ile heshima ya kuogopana kati ya mtu na mke wa mwanawe. Hamkai benchi moja. Hamwangaliani usoni ovyo ovyo. Mimi sikuwa nimewahi kumpigia yule msichana simu hata siku moja, maneno yote yalipitia kwa mke wangu. Siku ile akiweka huo mfumo, yeye alikuwa ndani ya duka na mimi nilikuwa nje kwa fundi wa viatu, na mke wangu katikati akibeba maswali kama mtu anayechota maji. Alipomaliza aliniachia karatasi yenye mistari mitatu ya kuandika kila nikitaka kusasisha.

Nilikuwa nasasisha kila tarehe moja ya mwezi. Nilichukulia ni kama kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Ukiruka mwezi mmoja, kupe hawaruki. Mistari miwili ya kwanza nilikuwa naandika bila shida, kidole kimoja kimoja. Ule wa tatu ndio ulikuwa unaniuliza kama mashine itupe vitu vya zamani. Hapo mimi nilikuwa najibu hapana. Kila mwezi, hapana. Katikati ya mfumo kuna kitu kinaitwa kerneli, ndicho kinaamsha mashine, na kila ikija mpya ile ya zamani inabaki mpaka uitupe. Mimi sikutupa hata moja. Mtu hatupi mbegu ya mwaka jana kabla hajaona mvua ya mwaka huu.

Basi, akafariki mzee mmoja tuliyekuwa tukijuana tangu ujana. Alikuwa na nyumba mbili. Mke wa kwanza alimwoa kanisani hapa Tawa. Wa pili alimwoa kimila, kwa mbuzi, ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, wakazaa watoto watatu. Mbuzi walipelekwa na wazee wakala, mimi mwenyewe nilikula. Lakini mzee alipofunga macho, kifungua mimba wa nyumba ya kwanza, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, alisema baba yake alikuwa na mke mmoja, na kwamba yule mama wa ng'ambo alikuwa mtu wa kumpikia akienda kuangalia mifugo.

Wazee wa ukoo walikaa Jumatatu ndani ya duka langu, asubuhi mpaka jua linainama, kwa sababu kilichokuwa kinagombaniwa ni karatasi na karatasi inatoka kwangu. Nyumba zote mbili zilikuwepo. Waligombana mpaka muuza chai wa jirani akaacha kuingia. Mwisho walikubaliana mstari mmoja, nikauandika wakiona: kwamba marehemu ameacha nyumba mbili, ya kwanza na watoto sita, ya pili na watoto watatu. Na kwenye ukurasa wa kaburini waliweka utaratibu wa kutia mchanga, nyumba ya kwanza halafu nyumba ya pili.

Kisha mzee mkubwa akatoa amri.

"Hakuna mtu atatoka hapa na nakala," akasema. "Neno likikaa mahali pawili linakuwa maneno mawili. Litalala kwa huyu mpaka lichapishwe."

Alimaanisha mimi. Nikakubali, na nilikubali kama mjinga anavyokubali, mzima mzima. Sikuchapisha hata karatasi moja ya kuangalia. Sikuweka kwenye flashi. Flashi ilikuwa hapo mfukoni, lakini niliona nikiweka nitakuwa nimevunja neno la wazee. Likabaki ndani ya mashine peke yake. Tulikuwa tunangoja picha ya marehemu kutoka kwa binti yake Mombasa, ifike Jumatano tuchape, Alhamisi tuzike. Wazee wakaondoka na safari yao ya Tseikuru, kulikuwa na mambo ya mahari huko, na Tseikuru ukifika simu ni ya kuangalia saa tu.

Jumatano ilikuwa tarehe moja.

Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nilisema kazi ya marehemu ifanywe na mashine safi. Saa mbili asubuhi nikaandika mstari wa kwanza, nikaandika wa pili. Maneno yakapita mengi ya Kiingereza, na mwishoni yakaja mengine yaliyosema kitu kuhusu nafasi. Nikaona ni maneno tu, mashine ina mdomo. Nikajibu hapana yangu ya kila mwezi, nikaizima, nikaiwasha.

Haikuamka. Kioo kikawa cheusi na maandishi meupe, na taa mbili za kibodi zikawa zinapepesa, zinapepesa, zinapepesa. Sikujua maneno yote pale lakini moja nililijua, la hofu, kwa sababu lilikuwa kwenye dawa ambayo dada yangu alikuwa akipewa. Panic. Nikazima tena. Nikawasha. Panic.

Nikakaa juu ya katoni ya karatasi. Wazo la kwanza halikuwa la mashine. Lilikuwa la yule mama. Mahali pekee duniani alipokuwa ameandikwa mke ni ndani ya lile sanduku.

Hata sikuwa nimepangusa jasho, yule kifungua mimba akaingia na picha ya babake kwenye simu, ametumiwa na dada yake wa Mombasa. Akaangalia kioo. Akaangalia taa.

"Mzee, imekuwaje?"

"Inachelewa kidogo."

"Hii haichelewi. Hii imekufa." Akazunguka nyuma yake akaigonga kwa kidole. "Sasa tuko na majeneza mawili."

Akatoa karatasi mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Alikuwa nayo tayari, hebu ona.

"Usijali. Mimi nina maisha ya baba hapa, nimeandika kwa mkono. Wale wa saiba, duka la kompyuta la pale chini, watanipigia chapa kabla ya saa sita."

"Wazee walisema itoke hapa."

"Wazee wako Tseikuru. Watu mia tatu wako hapa. Utawaambia wamzike baba na nini, na feni?"

Sikuhitaji kuisoma karatasi yake ili nijue nani hayumo.

Wakati huo nikaona kivuli mlangoni. Mama wa ng'ambo alikuwa amefika, na kitambaa cha kichwa na begi la nailoni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amekuja kuhakikisha, mtu angemlaumu? Akasikia yote. Akakaa kwenye ngazi, mgongo kwetu, uso sokoni.

"Nipe mpaka saa sita," nikamwambia yule mtu. "Saa sita ikipita, nenda na yako."

"Saa sita," akasema, akavuta kiti akakaa ndani ya duka. Nilidhani atatoka. Hakutoka.

Nitasema ukweli, kwa umri wangu uongo unachosha. Kulikuwa na dakika moja niliona ingekuwa rahisi. Mashine imekufa, si mimi nimeua, nyumba ya kwanza ni watu wa hapa hapa, tunasali kanisa moja, na mama angerudi ng'ambo yake. Maneno nilikuwa nayo kichwani, ningeweza kuyaandika upya kwa saiba, lakini yule angeuliza nani shahidi, na kichwa cha mzee mmoja si shahidi. Hiyo dakika ilikuja na nikaiona vizuri. Halafu yule mama akakohoa pale ngazini, vumbi tu, na nikainuka.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kuuliza. Nikachukua simu nimpigie mke wangu ambaye alikuwa matangani akipika, ili ampigie mke wa mwanangu. Simu ya mke wangu ikalia hapo hapo dukani, kwenye chaji, karibu na kiwiko changu.

Nikasimama nayo mkononi. Nambari ya yule msichana ilikuwa humo. Miaka kumi na moja ameolewa kwetu. Nikabonyeza.

"Ndiyo, mama," akasema.

"Ni mimi."

Halafu sauti ikashuka. "Baba? Nani amefariki?"

"Hakuna. Yuko mmoja lakini huyo tunamjua. Ni mashine."

Nilimweleza nikiwa nimegeukia ukuta, ungedhani ananiona. Akaniambia nisome maandishi ya mwisho. Nikamsomea herufi moja moja, nyingine nilikuwa naita kwa umbo, ile ya nyoka, ile ya kiti. Yule mtu kwenye kiti akacheka.

"Daktari anasomewa na mgonjwa," akasema. "Saa nne na nusu, mzee."

"Baba," akasema mke wa mwanangu, "zima. Ukiwasha, shikilia kile kitufe cha Shift, cha kushoto, usiachilie mpaka uone orodha."

Nikashikilia mpaka kidole kikawa cheupe. Ikaja orodha fupi. Akanipeleka mstari wa pili, nikabonyeza, ikaja orodha ndefu.

"Hizo ni kerneli, baba. Mpya iko juu, za zamani ziko chini. Ziko mistari mingapi?"

Nikahesabu. "Ishirini na mbili."

Hakusema kitu. Mimi nimekaa maofisini, ninajua kimya cha mtu aliyefungua faili akakuta aliyosikia ni kweli.

"Nenda wa tatu," akasema.

Nikaenda wa tatu. Maandishi yakakimbia, nikaanza kupumua, halafu yakasimama. Taa zikapepesa.

"Imekataa."

"Panic?" akauliza yule mtu. Hilo neno alikuwa ameshajifunza.

"Rudia, baba. Nenda wa tano."

Mke wa mwanangu hakuwa anaharakisha, na hilo ndilo lilinitesa. Nikazima. Kile kitufe kikubwa cha mbele kina tabia ya kukwama, nikakibonyeza mara mbili. Nikashikilia Shift. Nikateremka, moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikapita mpaka wa sita, nikarudi.

"Mzee," mama akasema kutoka ngazini. Hakugeuka. "Usiharakishwe."

"Hakuna anayemharakisha," yule mtu akasema. "Saa ndiyo inatembea."

"Saa haijasema kitu," mama akasema. "Ni wewe unayeisemea."

Nikabonyeza. Maandishi yakakimbia. Yakafika pale yalipofia mara ya kwanza, yakapita. Yakafika pale ya pili, yakasimama. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka tisa. Feni zote tano zikapanda kwa pamoja, kioo kikawa cheusi kabisa, nikafikiri sasa ndiyo basi, halafu ikatokea ile rangi ya samawati na alama za mafaili yangu zikiwa zimepangwa kama nilivyoziacha.

"Imeamka," nikasema kwenye simu.

"Baba, sikiliza. Usizime. Usiguse kitu kingine. Weka hiyo kazi kwenye flashi sasa hivi, nikiwa kwa simu, halafu uchape."

"Wazee walikataza nakala."

"Baba. Weka."

Hakuna mtu wa umri wake amewahi kuniambia neno moja kwa sauti ile, sembuse mke wa mwanangu. Nikaweka. Kisha akaongea polepole.

"Ni mimi nimekosa. Krismasi nilipokuja niliona kile chumba cha kerneli kimejaa, kimebaki nafasi kama ya sindano. Mpya imeingia nusu, ikavuruga na ya karibu yake, mlango ukafungwa. Nilitaka kukuambia uache kukataa ule mstari wa tatu. Nikaona nitamwambiaje baba kwamba anakosea. Nikanyamaza."

"Mimi nami ningeuliza," nikasema. Tukabaki hapo, hakuna aliyejua simu kama hiyo inakatwaje. Akaikata yeye.

Nikafungua kazi. Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa tano. Nyumba mbili. Ya pili na watoto watatu. Nikavuta picha ya marehemu kutoka simu ya yule mtu nikaiweka mbele, ikakaa sawa.

Yule mtu akaja akasimama nyuma ya bega langu. Sasa hakuwa na mzaha. Aliongea chini ili ngazini kusisikike.

"Baba mdogo." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Huo mstari mmoja tu. Toa. Utasema mashine iliula. Si imekuwa ikila vitu tangu asubuhi? Nani atakuuliza?"

Na ni kweli, hakuna angeniuliza. Hapo ndipo niliogopa kuliko wakati wa panic, kwa sababu kidole kilikuwa juu ya kibodi na ile kazi ilikuwa ya sekunde mbili.

"Neno la wazee limelala kwangu siku mbili," nikamwambia. "Mimi ni wa kulaza tu."

Nikabonyeza kuchapa. Printa ikakohoa ikaanza. Karatasi ya kwanza ilipotoka, nilimpa yeye kwa mikono miwili, ya pili nikampelekea mama pale ngazini. Mama hajui kusoma vizuri. Akauliza ni wapi, nikamwonyesha kwa ukucha. Akaliangalia lile neno muda mrefu kama mtu anayeangalia kovu la mtoto, akanirudishia. "Endelea, zisije zikapungua," akasema. Yule mtu alikuwa ameshatoka. Alisahau karatasi yake ya mkono kwenye kiti, na mimi sikuisoma, niliikunja nikampelekea matangani jioni.

Alhamisi jua lilikuwa kali kabisa. Kifungua mimba ndiye aliyesoma maisha ya marehemu mbele ya watu, maana ndiyo desturi. Alisoma vizuri, ana sauti ya kanisa. Alipofika ukurasa wa tano alisema baba ameacha mke na watoto sita na wajukuu, akageuza ukurasa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa wanaume, nikasikia karatasi zikiguswa hema nzima. Watu mia tatu walikuwa nayo mkononi. Mama wa ng'ambo alikuwa nyuma, nje ya kivuli, na watoto wake wamesimama kwa urefu.

Kaburini mchungaji akafungua kijitabu aite watu kutia mchanga. Huyo mchungaji huwa hapendi mambo ya wake wawili, amehubiri mara nyingi na mimi nikisikiliza. Akaita nyumba ya kwanza, wakaja, wakatia. Akaangalia karatasi. Akaangalia kifungua mimba, ambaye alikuwa anaangalia shimo. Akaangalia mzee mkubwa wa ukoo, aliyekuwa amefika kutoka Tseikuru asubuhi ile na vumbi la huko kwenye kofia. Mzee alikuwa na kijitabu chake wazi, kidole juu ya mstari, na hakuinua kichwa. Nilisikia mbuzi wa mtu.

"Nyumba ya pili," mchungaji akasema.

Watu wakafungua njia. Alikuja na watoto wake watatu, akachota mchanga kwa mkono wa kulia, akatia, akangoja wa mwisho naye atie, ndipo akarudi nyuma. Hakulia. Njia ilibaki wazi mpaka alipopita.

Watu walipokuwa wanaelekea kwenye chakula, chifu alinifuata akaomba nakala ambayo haijakunjwa. Niliitoa kwenye begi. Akafungua ukurasa wa tano, akasoma midomo ikitembea, akaiweka katikati ya daftari lake jeusi ili isipinde, akalifunga.

Nilipogeuka mama alikuwa amesimama hapo.

"Nipe tatu," akasema. "Kila mtoto na yake."